Neno "Wastani" Halipimi Jua



Katika inchi ya Marekani, jimbo la Arizona, kuna shaba kama kwetu. Kuna pia milima ya jangwa, na watu wengi hupanda milima hiyo kwa miguu siku ya kupumzika. Hawaendi kutafuta kuni wala kulima shamba. Wanatembea tu, wanaangalia, wanarudi. Najua wengine kati yetu watacheka: mtu amechoka na kazi ya juma zima, halafu anakwenda kupanda mawe? Mimi sicheki. Kutembea ni dawa nzuri ya moyo na ya sukari ya damu, tena haiuzwi. Lakini katika matembezi hayo kuna neno moja ambalo nataka kugombana nalo leo, sababu neno hilo tunalo hata sisi kazini.

Tuchukue njia moja tu. Mashariki ya mji wa Phoenix kuna milima inayoitwa Superstition, na chini yake kuna bustani ya serikali yenye jina la Lost Dutchman, ndiyo kusema Mholanzi Aliyepotea. Mtu mwenyewe, Jacob Waltz, alikuwa Mjerumani. Alikufa Phoenix mwaka 1891, na watu wakasema ameacha mgodi wa dhahabu uliofichwa milimani. Mpaka leo mgodi huo haujaonekana. (Sisi watu wa migodi tunajua: hadithi ya dhahabu haihitaji dhahabu.)

Ndani ya bustani hiyo kuna njia ya mzunguko, Treasure Loop. Unaanza mahali pamoja, unapanda kuelekea kuta za mawe, unashuka kwa upande mwingine, unatokea pale pale ulipoanzia. Urefu wake ni karibu kilometa 4, na inapanda kama meta 150. Kando ya njia kuna saguaro, mimea mikubwa ya miiba iliyosimama kama nguzo zenye mikono. Mmea huo unakunywa mvua inaponyesha, unavimba, unaweka maji ndani ya mwili wake kwa miezi mingi. Kuna pia mmea mwingine, cholla, ambao miiba yake inakamata nguo na ngozi kwa kuguswa kidogo tu, na kuna nyoka wa sumu wanaotikisa mkia. Katika miezi ya baridi, mtu mwenye afya anamaliza mzunguko huo kwa saa mbili bila shida, hata pamoja na watoto.

Njia hiyo huitwa "ya wastani". Si rahisi sana, si ngumu sana. Hapo ndipo ninapogombana. Mwenye kuandika neno hilo alipima nini? Alipima urefu wa njia, mpando, na mawe. Hayo ni yale yale mwezi wa kwanza na mwezi wa saba. Jua hakulipima. Na wewe unayesoma, hakukupima.

Mwaka 2023, katika mji wa Phoenix, joto lilifika digri 43 au kupita kila siku kwa siku 31 mfululizo. Mwaka huo huo, wilaya ya Maricopa, ambamo mji huo umo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Wengi wa marehemu hao hawakuwa watembeaji wa milima. Joto liliwakuta barabarani na hata ndani ya nyumba. Lakini milima nayo ina yake. Tangu mwaka 2021 mji wa Phoenix umeanza kufunga njia za mlima Camelback katika siku za onyo la joto kali, kutoka asubuhi jua likisha kupanda mpaka jioni. Watu walinung'unika: mlima ni wetu, kwa nini kutufungia kama watoto? Mimi naona wakubwa wa mji walifanya vizuri. Anayekwenda kumbeba mgonjwa mlimani saa ya mchana, naye ana mwili.

Na katika Superstition yenyewe, mwezi wa 7 mwaka 2010, wanaume watatu kutoka jimbo la Utah waliingia kutafuta mgodi wa Waltz. Hawakurudi. Mabaki yao yalipatikana mwaka 2011. Mwezi wa 7, katika jangwa lile! Dhahabu ingewangojea mpaka mwezi wa 12.

Sasa niwaeleze kazi ya mwili. Mwili unataka kukaa karibu na digri 37. Ukitembea kwa kupanda, misuli inatengeneza joto, na jua linaongeza lake. Njia kubwa ya mwili ya kujipoza ni jasho, na jasho linapoza likikauka juu ya ngozi. Mtu anaweza kutoa lita nzima au zaidi kwa saa moja. Katika jangwa hewa ni kavu sana, jasho linakauka mara moja, shati haliloani, na mtu anasema: mimi sitoki jasho, niko salama. Anajidanganya. Chini ya ardhi, mahali penye unyevu, mambo yanageuka: jasho linatiririka mpaka ndani ya viatu, lakini halikauki, kwa hiyo halipozi. Mmoja anapoteza maji bila kuona, mwingine anayapoteza bila faida. Wote wawili wanafika mahali pamoja: kichwa kuuma, kutapika, miguu kukamatwa na maumivu ya misuli. Halafu maneno yanaanza kupotea, mtu anajibu ovyo kama mlevi. Mwili ukifika digri 40 na akili imechafuka, hiyo ni hatari ya kufa. Hapo usingoje motokaa ya lupitali. Mtoe penye joto, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, wakati mwenzako anakwenda kuita. Asiyejua anasema nini, msimlazimishe kunywa.

Sisi si saguaro. Hatuna ghala la maji ndani ya mwili. Kunywa kikombe kimoja kila dakika 15 au 20, kabla ya kiu, na kula kitu chenye chumvi kidogo. Usinywe lita tatu kwa mara moja. Maji mengi sana bila chumvi nayo yanaangusha mtu. Na mwenye kulala na lutuku usiku, asubuhi ameisha kukauka kabla ya kuvaa viatu.

Njia ya mzunguko ina ubaya wake mwingine. Ukifika katikati, kurudi nyuma na kuendelea mbele ni urefu ule ule. Kwa hiyo uamuzi wa kugeuka unatakiwa mapema, wakati ungali na nguvu na wenzako wangali wanakucheka. Ninaamini kwamba haya inaua watu zaidi kuliko kiu.

Si mbali na milima hiyo, karibu na mji mdogo wa Superior, kampuni ya Resolution Copper imechimba shimo linaloshuka zaidi ya meta 2,000 kutafuta shaba. Huko chini jiwe lenyewe lina joto karibu digri 80, na hewa inapozwa kwa mashine ili watu waweze kufanya kazi. Hakuna mtu wa huko anayesema: yule ni mwenye nguvu, apelekwe bila hewa baridi.

Kwetu je? Tuna "kazi ndogo" zetu. Kapita anasema: nenda usafishe pale kando ya tanuru, ni kazi ndogo, nusu saa. Kazi ni ndogo kweli, tanuru si dogo. Na kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mwili unazoea joto polepole, kwa siku 7 mpaka 14, na ukikaa majuma machache mbali na joto, mazoea hayo yanaondoka. Mtu aliyerudi kutoka likizo ya mwezi mmoja kijijini, au kutoka kitandani kwa malaria, si yule wa zamani, hata kama ana miaka 20 ya kazi. Kanuni inayofuatwa mahali pengi ni hii: mfanyakazi mpya, siku ya kwanza, asikae penye joto zaidi ya sehemu moja kwa tano ya zamu yake, kisha aongezewe sehemu kama hiyo kila siku. Mwenye kujua kazi aliyerudi aanze na nusu. Wakubwa wa kazi watasema zamu itapungukiwa watu. Itapungukiwa kwa siku nne.

Na wewe mama, bwana akirudi kazini juma la kwanza baada ya likizo, mpe chupa ya maji ya kubeba, na jioni muulize ameikojoa rangi gani. Ikiwa ni ya chai nyeusi, mtume kwetu dispanseri kesho yake kabla ya zamu, hata akikataa.