MAONI: Kijana fundi, usikope cherehani mpya kabla ya kubadilisha mguu wa ile uliyo nayo

Pita kwenye vibanda vya mafundi wa nguo mtaani, iwe Kawangware, Kisauni au Kondele, na utasikia wimbo mmoja kutoka kwa vijana walioingia kwenye kazi hii juzijuzi. Ati mashine ni mbaya. Ati inaruka uzi, inakunja kitambaa, haiwezi zipu. Kisha linafuata lile neno ambalo limewatia wengi kwenye shimo: "Wacha nikope ninunue ingine."

Na kukopa siku hizi ni rahisi. Tangu serikali ilipozindua Hustler Fund mnamo Novemba 2022, pesa ziko kwenye simu, mbali na zile programu nyingine za mikopo zilizojaa huko. Kijana anakopa, anajazia na akiba ya chama, anabeba cherehani nyingine hadi kibandani. Wiki ya kwanza, zipu bado inapinda. Deni liko palepale, mteja ameenda kwa fundi wa pili, na tatizo ni lilelile.

Msimamo wangu ni huu: kabla ya kuilaumu cherehani, tazama mguu wake. Ninazungumzia kile kichuma kidogo kilicho chini ya sindano, kile unachoshusha kwa wenzo wa nyuma ili kikandamize kitambaa. Wengi wetu hukipata kikiwa kimefungwa kwenye mashine tulipoinunua, na hukiacha hapo hadi siku ya kuiuza kwa mtu wa vyuma kuukuu. Tunadhani ni sehemu ya mashine isiyobadilishwa, kumbe imefungwa kwa skrubu moja tu.

Kazi ya mguu si ndogo. Unakigandamiza kitambaa juu ya yale meno ya chini ili meno yaweze kukisukuma nyuma. Pia unakizuia kisipande na sindano inapotoka. Kitambaa kikipanda, kitanzi cha uzi hakikai vizuri, ncha ya chini inakikosa, na hapo ndipo mshono unaporuka. Hata mkazo wa uzi wa juu unategemea mguu, kwa sababu ukiuinua, zile sahani zinazoubana uzi zinalegea. Ndiyo maana ukisahau kuushusha, uzi hujikusanya chini ya kitambaa kama kiota cha ndege, nawe unaanza kumlaumu aliyekuuzia mashine.

Sasa tuchukue zipu, maana hapo ndipo heshima ya fundi hujulikana. Mguu wa kawaida ni mpana kila upande. Ukishona zipu nao, upande mmoja unapanda juu ya meno ya zipu, sindano inasukumwa mbali, na mshono unatoka kama njia ya nyoka. Mguu wa zipu ni mwembamba na sindano hupita ukingoni mwake, kwa hivyo unafika karibu na meno bila kuyapanda. Zile zipu za kujificha ambazo akina dada wanazitaka kwenye gauni za kitenge zina mguu wao pia. Chini una mifereji miwili inayoyasimamisha meno ili sindano ishone kwenye mzizi wake kabisa. Zipu hiyo hushonwa ikiwa wazi, na kabla hujafunga mshono wa chini yake. Mteja hatajua umetumia mguu gani. Atajua tu kwamba gauni limelala vizuri mgongoni.

Mfano wa pili ni nguo za mistari na miraba, zikiwemo sare za shule ambazo mafundi wengi huzitegemea kila Januari. Umekata sawa, umeanza sawa, ukifika mwisho kitambaa cha juu kimezidi na miraba haikutani. Si kwamba umekata vibaya. Meno ya cherehani husukuma kitambaa cha chini peke yake; kile cha juu kinaburutwa tu. Kuna mguu unaotembea, wenye meno yake mwenyewe na mkono unaokaa juu ya skrubu ya sindano, na huo husukuma kitambaa cha juu pamoja na cha chini. Kwa nguo nzito au zenye tabaka nyingi, mguu huo ni mkombozi.

Anayeshona mitandio au nguo za shifoni atafaidika na mguu wa pindo jembamba, wenye kikunjo mbele kinachoviringisha ukingo mara mbili sindano ikifuata. Unahitaji mazoezi, nisikudanganye, na haupendi kupita juu ya mshono mnene. Lakini ukiuzoea, kazi ya kukunja kwa vidole inakwisha. Naye anayeshona mikoba au viti vya ngozi bandia ajue kwamba chuma hung'ang'ania ngozi hiyo. Mguu wa tefloni au wenye magurudumu madogo huteleza.

Hapa kuna mtego, na vijana wengi wanauangukia mtandaoni. Kuna yale maboksi ya miguu 32 yanayong'aa kwenye picha. Mengi ni ya kubandika, na yametengenezewa mashine za nyumbani zenye shina fupi. Kama una ile Butterfly nyeusi ya kukanyaga, ujue inashona mshono mnyoofu peke yake, kwa hivyo miguu mingi kwenye boksi hilo ni mapambo. Mguu wa zigizaga hauifanyi mashine ya mshono mnyoofu ishone zigizaga. Nayo iliyosalia itahitaji kishikio cha kuibandikia.

Kwa hivyo pima kwanza. Shusha mguu, kisha pima kutoka chini yake hadi katikati ya ile skrubu inayoufunga. Ukipata kama nusu inchi hadi robo tatu, hilo ni shina fupi. Ukipata inchi moja au zaidi kidogo, ni shina refu, na hilo ndilo utakalolikuta kwenye mashine nyingi za kiwandani. Kuna pia Singer za zamani zenye shina lililoinama, na hizo zina miguu yake. Njia rahisi zaidi ni kuufungua mguu ulio nao na kuubeba mfukoni unapoenda dukani, ulinganishwe. Ukishaufunga mpya, zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kukanyaga. Sindano ikigusa chuma, simama hapo hapo. Sindano ikivunjika kwa kasi, kipande kinaweza kuruka machoni.

Najua nitajibiwa: mchagua jembe si mkulima. Wapo mafundi wazee ambao wameshona suti, kanzu na gauni za harusi kwa mguu mmoja miaka yote. Ni kweli, na heshima yao iko. Wanageuza kitambaa, wanaweka karatasi nyepesi juu ya ngozi bandia na kuichana baadaye, wanapiga bandi kila pindo kwa mkono kabla ya kulipeleka kwenye mashine. Lakini tazama wanalipia nini: muda. Mzee ana wateja wa miaka mingi watakaomsubiri hadi wiki ijayo. Wewe uliyeanza mwaka jana huna mteja wa kukusubiri. Mteja wako ana njia nyingine tatu, na mojawapo ni Gikomba, ambako gauni la mtumba liko tayari na zipu yake imenyooka. Halafu ile methali inamzungumzia anayechagua jembe ili akwepe kulima. Haimkatazi mkulima kutotumia panga kuchimba shimo.

Pia sisemi kwamba mguu unaponya kila ugonjwa. Sindano butu itaruka uzi hata ukifunga mguu wa dhahabu. Kitambaa kinachovutika kinataka sindano yake, ile ya ncha ya mviringo. Mkandamizo ukizidi kwenye kitambaa chepesi utakikunja, nao hupunguzwa kwa ile skrubu ya juu ya kichwa cha mashine. Na mashine iliyolegea ndani inahitaji fundi wa mashine. Ninachosema ni kwamba haya yakaguliwe kwa mpangilio, kuanzia la bei nafuu. Sindano kwanza, mguu wa pili, mkandamizo wa tatu. Mkopo uwe wa mwisho kabisa.

Wakufunzi wa ushonaji nao wana sehemu yao. Vyuo vya kiufundi vinawaandaa vijana kwa mitihani ya ufundi ya NITA, na cheti ni kitu kizuri. Lakini mwanafunzi anapotoka na cheti akiwa hajawahi kufungua skrubu ya mguu, tumemfundisha kuendesha gari bila kumwonyesha gia. Boksi moja la miguu sita katika kila karakana, na somo la asubuhi moja kwa kila mguu, lingewaokolea vijana miezi ya kuharibu vitambaa vya watu. Nao mafundi wakongwe waache kuufanya huu uwe siri ya kazi. Kijana anayefagia kibanda chako miezi sita akinunua sindano na chai anastahili kuonyeshwa zaidi ya kupiga pasi.

Kwako kijana mwenzangu, hesabu ni nyepesi. Bei ya mguu mmoja wa zipu haikaribii hata kidogo bei ya cherehani. Nunua mguu wa kazi uliyo nayo mkononi, si wa kazi unayoiota. Kama wateja wako ni wa gauni, anza na zipu. Kama ni wa mitandio, anza na pindo. Ujaribu kwenye vipande vilivyobaki hadi mkono uuzoee, na faida ya kazi hiyo ndiyo inunue mguu wa pili. Baada ya hapo, ukiona bado unahitaji mashine nyingine, utainunua kwa sababu kazi imekuzidi, na kazi hiyo ndiyo itakayoilipia.