Chunusi za Kichanga na Ndimi Zetu



Sifa zote njema ni za Allah aliyetutunuku watoto, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, juma hili tunazungumzia jambo dogo linalozusha maneno makubwa majumbani mwetu hapa Tezo. Kichanga amezaliwa salama, amechinjiwa akika siku ya saba, na uso wake ulikuwa mwororo. Kabla ya arubaini ya mama kutimia, mashavu, paji na kidevu vinatoka vipele vyekundu, vyengine vina vichwa vyeupe. Hapo ndimi huanza. Huyu husema mtoto ametiwa jicho, yule husema maziwa ya mama ni mabaya, mwengine husema mama amekula pilipili. Na mzazi, ambaye bado hajarudiwa na nguvu, hujiona kuwa ndiye mkosaji.

Ukweli ni kuwa hizo ni chunusi za watoto wachanga. Huwapata takriban watoto 20 katika kila 100, na aghalabu huanza baina ya wiki ya pili na ya nne. Homoni alizozipata mtoto tumboni mwa mamake, pamoja na zile za mwilini mwake mwenyewe, huchochea tezi za mafuta katika ngozi. Pilipili haimo, wala maziwa hayamo. Kwa kawaida huondoka zenyewe baada ya majuma kadhaa, au kufikia mwezi wa tatu au wa nne, bila ya kuacha kovu.

Si kila kipele ni chunusi. Vitone vidogo vyeupe puani, anavyozaliwa navyo mtoto, navyo hupotea vyenyewe. Na wakati wa joto la kaskazi, vipele vya shingoni na mgongoni huwa ni harara; mpunguzie mtoto nguo na umpatie hewa.

Ama jicho, hatulikanushi, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa lipo, na akatufundisha dua za kujikinga. Msomee mtoto Surat al-Falaq na Surat an-Nas asubuhi na jioni. Lakini kumtuhumu jirani au wifi kwa sababu ya kipele ni dhana mbaya, nayo imekatazwa katika Surat al-Hujurat. Na kumwachisha mtoto ziwa kwa ajili ya chunusi ni kumdhulumu haki yake. Aya ya 233 ya Surat al-Baqara imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na madaktari wanahimiza maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo.

Tufanye nini basi? Mwoshe uso kwa maji safi ya uvuguvugu mara moja kwa siku, umkaushe polepole kwa kitambaa laini. Usiviminye vipele. Usimpake mafuta mazito usoni, wala liwa, wala manjano. Wanja nao uacheni, kwani aina nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto. Kilicho hatari zaidi ni krimu za watu wazima, hasa zenye steroidi, zinazonunuliwa bila ya kumwuliza daktari. Ngozi ya kichanga ni nyembamba, na dawa hupenya hadi damuni. Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa mwenye kutibu watu hali hajulikani kwa utabibu, huyo atabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Shoga anayetoa krimu mkobani mwake na alizingatie hilo.

Hata hivyo, subira ina mpaka wake. Vipele vikijaa usaha au maji, vikipasuka na kuenea mwilini, au mtoto akakataa kunyonya, akawa na homa au mwili wa baridi, akapumua mbiombio, akalegea au akapata degedege, msingoje kukuche. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Kilifi baina ya 1998 na 2002 uliwapima damu watoto zaidi ya 16,000 waliolazwa. Miongoni mwa wenye umri wa chini ya siku 60, takriban 13 katika kila 100 walikutwa na bakteria damuni. Na katika watoto wa kila umri waliofariki wakiwa na bakteria hao, thuluthi moja walifariki siku ile ile waliyolazwa. Tezo na Kilifi mjini ni njia moja. Tusiimalize saa ya safari kwa kubishana nani kamtia mtoto jicho.

Enyi mama wakwe, neno lenu lina uzito mbele ya mkaza mwana. Lifanyeni liwe la kumtuliza. Nanyi waume, nauli ya kwenda hospitali na iwekwe kando tangu mtoto hajazaliwa.

Ewe Mola, walinde watoto wetu, wape nguvu mama zao, na utujaalie ndimi zenye kuponya. Amin.

Wabillahi tawfiq.