Maoni Yetu: Miguu Tunayo, Mashindano Hatuna

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Februari, macho ya wapenda baiskeli wa Afrika Mashariki huelekea Rwanda, ambako mashindano makubwa yaitwayo Tour du Rwanda huendeshwa kwa muda wa wiki moja. Kutoka Mbarara hadi mpaka wa Katuna si mbali. Askari amalizaye zamu yake alfajiri katika njia ile aweza kufika Kigali kabla jua halijatua. Lakini tunapoyasoma majina ya washindi wa mashindano hayo tangu mwaka 2009, yalipoingizwa katika kalenda ya Shirikisho la Baiskeli la Dunia, hadi mwaka 2025, hatuoni hata jina moja la kijana wa Uganda. Leo twapenda kusema nanyi, ndugu wanajeshi na polisi, juu ya jambo hili, kwa sababu twaamini kwamba dawa yake iko karibu na kambi zenu kuliko wengi wanavyodhani.

Kwanza yafaa tueleze mashindano haya ni ya namna gani. Si mbio za siku moja. Ni safari ya hatua nane hivi, na kila siku saa za mpandaji huongezwa juu ya zile za jana, hata mwisho mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye avaaye jezi ya manjano. Kwa hiyo hapana pa kuificha siku mbaya. Aliyeshinda Jumatatu kwa kujitapa aweza kupoteza dakika 10 Jumatano katika mlima mmoja tu, na achelewaye kupita kiasi kilichowekwa huondolewa kabisa. Kila timu huwa na watu wachache, nao hufanya kazi kama kikosi: mmoja huongoza, wengine humkinga na upepo, humletea maji, na hata humpa gurudumu lake likipasuka. Askari aliyepata kutembea siku nyingi na mzigo mgongoni ataelewa upesi kuliko raia maana ya kuitunza nguvu ya leo kwa ajili ya kesho.

Sasa tutazame nguvu za washindani. Katika mashindano 17 yaliyofanyika kati ya mwaka 2009 na 2025, Wanyarwanda walishinda mara 5 na Waeritrea mara 5. Zilizobaki ziligawanywa na wageni kutoka Moroko, Marekani, Afrika Kusini, Hispania, Uingereza na Ufaransa. Ushindi wa Wanyarwanda ulikuja wote mfululizo. Valens Ndayisenga alishinda mwaka 2014 na 2016, Jean Bosco Nsengimana mwaka 2015, Joseph Areruya mwaka 2017, na Samuel Mugisha mwaka 2018. Mwaka 2019 mashindano yalipandishwa daraja, timu zenye nguvu zaidi zikaanza kuja, na tangu hapo hadi mwaka 2025 jezi ya manjano haikubaki Rwanda tena. Waeritrea ndio walioweza kusimama mbele ya Wazungu: Merhawi Kudus mwaka 2019, Natnael Tesfazion mwaka 2020 na 2022, na Henok Mulubrhan mwaka 2023.

Je, Waeritrea wana nini ambacho sisi hatuna? Wengine husema ni hewa nyepesi ya Asmara, mji ulio juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Maneno hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Mbarara nayo iko juu ya mita 1,400 hivi, na milima ya Kigezi hupanda zaidi ya hapo. Jibu lililo kubwa ni kwamba Eritrea ni nchi ya mashindano. Mashindano yao ya kuizunguka nchi yalianza mwaka 1946, na baiskeli ni mchezo wa watu wote kama mpira ulivyo kwetu. Kijana wa kule afikapo umri wa miaka 20 amekwisha kushindana mara nyingi, amekwisha kuanguka, amekwisha kushindwa, na amejifunza kukaa katikati ya kundi la watu 100 bila hofu.

Hilo ndilo tunaloliita sura halisi ya mpanda baiskeli kabla ya mashindano makubwa. Hatupimi miguu yake peke yake. Twauliza: katika miezi mitatu iliyopita ameshindana siku ngapi? Mulubrhan alipofika Rwanda mwaka 2023 alikuwa ametoka mwezi ule ule kutwaa ubingwa wa Afrika mjini Accra. Areruya alishinda Rwanda mwishoni mwa mwaka 2017, na miezi miwili baadaye akashinda tena mashindano ya Gabon. Joseph Blackmore, Mwingereza aliyeshinda Rwanda mwaka 2024, alikwenda mwaka ule ule akashinda Tour de l'Avenir kule Ufaransa, mashindano ambayo mabingwa wengi wa kesho hujulikana humo. Watu hawa hawakuzaliwa na mapafu mawili zaidi. Mashindano yaliwanoa kama jiwe linavyonoa panga.

Na milima ya Rwanda haina huruma kwa panga butu. Mwezi wa Septemba 2025 ubingwa wa dunia ulifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Wanaume walipewa kilomita 267.5 na milima isiyokwisha. Tadej Pogačar wa Slovenia aliwatoroka wenzake zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, akashinda, na katika watu 165 hivi walioanza, walimaliza 30 tu. Wengi walioshuka katika baiskeli zao siku ile walikuwa watu walipwao mshahara kwa kazi hiyo, wenye madaktari, wapishi na mafundi. Tukiyafikiri hayo, tusidanganyane: kijana wa kwetu akiingizwa Tour du Rwanda kwa matayarisho ya majuma mawili, hatafuti ushindi; anatafuta kumaliza.

Lakini miguu ipo. Atakaye kuiona na ashike njia ya Isingiro asubuhi, aelekee makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalianza mwaka 1958, yakawapokea kwanza Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao; leo yana watu zaidi ya 200,000, walio wengi wao Wakongo, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Lugha inayowaunganisha wengi wao sokoni ni hii hii tunayoiandika. Katika njia zile za vumbi tumewaona vijana wakisukuma pedali za baiskeli nzito za chuma zisizo na gia, nyuma wamefunga mikungu ya ndizi, madumu ya maji, magunia ya mkaa, au abiria mwenye mtoto mgongoni. Wanapanda kilima bila kushuka. Jioni wanarudi kwa njia ile ile. Hakuna aliyewaambia kwamba hayo ni mazoezi.

Mtu asicheke. Baadhi ya Wanyarwanda waliojenga jina la nchi yao katika mchezo huu walianza kwa kubeba viazi na abiria juu ya baiskeli. Mafunzo ya kweli yalipoanza kule mwaka 2007, hakuna aliyetegemea muujiza. Ilipita miaka 7 hata Ndayisenga akashinda mwaka 2014. Miaka 7 ya mwalimu, fundi, chakula na mashindano. Hiyo ndiyo bei, nasi hatuna budi kuijua kabla ya kuingia sokoni.

Kijana wa Nakivale ana mzigo mwingine usioonekana nyuma ya baiskeli yake. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa haki ya kufanya kazi na kutembea katika nchi. Sheria za Shirikisho la Baiskeli la Dunia nazo humruhusu mpandaji kupata leseni katika nchi anamokaa. Lakini kuvaa jezi ya taifa ni haki ya raia. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Nakivale na wazazi kutoka Kivu hawezi kuitwa katika timu ya Uganda, na nchi ya wazazi wake haimjui. Njia iliyobaki ni moja tu: klabu. Klabu haimuulizi mtu uraia. Yamuuliza kama atafika mazoezini kesho.

Wala hili si ndoto. Katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Eyeru Gebru, msichana aliyeondoka Tigray na kupata hifadhi Ufaransa, alishindana katika mbio za barabarani ndani ya timu ya wakimbizi. Katika michezo hiyo hiyo, Charles Kagimu aliipeperusha bendera ya Uganda katika mbio za wanaume. Raia mmoja na mkimbizi mmoja, wote wawili wa upande wetu wa dunia, wamekwisha kuonyesha kwamba mlango upo. Kilichokosekana ni watu wa kupita kwa wingi.

Hapa ndipo tunapowageukia ninyi, ndugu askari. Nani aliyempa Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki? Ni John Akii-Bua, polisi, aliyeruka viunzi vya mita 400 mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, muda ambao haukupata kufikiwa na mtu yeyote kabla yake. Nani aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini London mwaka 2012? Ni Stephen Kiprotich, askari wa magereza. Joshua Cheptegei, aliyechukua dhahabu ya mita 5,000 kule Tokyo mwaka 2021 na ya mita 10,000 kule Paris mwaka 2024, ni mtu wa polisi. Hawa hawakulelewa na matajiri. Walilelewa na utaratibu wa kambi: ratiba isiyovunjwa, chakula cha hakika, mshahara mwisho wa mwezi, na mkubwa anayeuliza kwa nini umechelewa. Kama vikosi viliweza kuwalea wakimbiaji, kwa nini visiweze kuwalea wapanda baiskeli? Jeshi la nchi kavu la Ufaransa lilikuwa na timu yake ya wapanda baiskeli hadi mwaka 2017, na timu hiyo ilishindana na watu wa kulipwa bila aibu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji hazina kubwa.

La kwanza, ianzishwe klabu ya baiskeli ya vikosi hapa Mbarara, ambako kambi ya Makenke na polisi wa mji wapo pamoja, na mlango wake uwe wazi kwa raia na kwa vijana wa Nakivale. Ianze na baiskeli 10 zenye gia, fundi mmoja na mwalimu mmoja.

La pili, yawepo mashindano kila mwezi, hata yakiwa ya kwenda Isingiro na kurudi tu. Kijana akishindana mara 12 kwa mwaka atajifunza yale ambayo mazoezi ya peke yake hayamfundishi kwa miaka mitano.

La tatu lawahusu hasa askari wa barabarani na wale wa vizuizini, nalo ndilo tunalolisema kwa uchungu. Mpanda baiskeli hana bodi ya chuma ya kumkinga. Lori lipitalo karibu naye kwa mwendo wa hasira laweza kumaliza katika nukta moja kazi ya miaka saba. Dereva asiyempa nafasi amevunja usalama wa barabara, na achukuliwe hivyo. Tena tumepata kusikia kwamba kijana mwenye kitambulisho cha ukimbizi, akionekana mbali na makazi yake asubuhi na mapema, husimamishwa na kuulizwa hata jua likawa juu. Kuuliza ni kazi yenu, wala hatuwakatazi. Lakini kitambulisho kikiwa halali, aachwe aende. Mazoezi ya mlima hufanywa kabla ya joto, na mtu akikawizwa kizuizini kila siku hatapata hali ya kushindana.

Twajua pia kwamba kuna jambo lililo kubwa kuliko baiskeli zote. Mwaka 2025 vita vya Kivu vilipopamba moto, timu ya Soudal Quick-Step iliamua kutokwenda Rwanda. Rubavu, mji ambamo mashindano hupita, uko bega kwa bega na Goma. Na kutoka upande ule ule wa Kivu ndiko walikotoka maelfu ya watu walioko Nakivale. Barabara salama ndiyo hatua ya kwanza ya mashindano yoyote, na walinzi wake ni ninyi.

Mwisho, tuseme wazi matarajio yetu. Hatuahidi jezi ya manjano mwaka ujao, wala mwaka wa pili. Kwa miaka miwili ya kwanza tutaridhika vijana wetu wakimaliza hatua zote ndani ya muda uliowekwa. Katika mwaka wa tatu au wa nne tutazamie mmoja wao kuingia katika 20 bora siku ya mlima. Baada ya hapo ndipo tuanze kusema juu ya ushindi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Na vijana walio wabichi wapo sasa hivi katika njia ya Nakivale, wamefunga mikungu ya ndizi nyuma, wanapanda kilima. Askari atakayekutana nao kesho asubuhi na awatazame vizuri. Huenda mmoja wao anangojea tu kuambiwa siku na saa ya mazoezi.