Mwacheni Anyonye

Sina ugomvi na chanjo. Aliyewahi kumsikia mtoto akikohoa kwa kifaduro hawezi kuwa nao. Ugomvi wangu ni ile amri ya kliniki zetu: "Mama, mtoe titi, mshike miguu." Mtoto hulazwa chali, akabanwa magoti, akadungwa pajani; sauti ikishamkauka ndipo anarudishwa kifuani. Anarudishwa kifuani! Kumbe sote tunajua dawa iko wapi, tunachobishania ni saa ya kuitoa.

Na saa hiyo si siri. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto anyonyeshwe wakati wa kuchanjwa au muda mfupi kabla, pale mila zinaporuhusu, naye awe amepakatwa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016, yaliyokusanya tafiti 10 zenye watoto 1,066, yalionyesha kuwa walionyonyeshwa walilia kwa wastani wa sekunde 38 pungufu. Bwana mmoja aliniambia sekunde 38 si kitu. Si yeye aliyedungwa.

Wapinzani wana hoja zao. Mtoto atalichukia titi, wanasema. Mbona halichukii lile analopewa dakika moja baadaye, maumivu yakiwa bado mabichi? Ati ni aibu. Na khanga je, tumezivalia nini?

Hoja nzito ni foleni, nami siidharau. Muuguzi ni mmoja, benchi limejaa hadi barazani, na kadi zote zinamngoja yeye. Lakini mama anayefuata anaweza kuanza kunyonyesha palepale benchini wakati kadi ya mwenzake inaandikwa. Zamu yake ikifika mtoto ameshashika titi vizuri na anameza, paja moja liko wazi. Hakuna dawa ya kuagiza wala jokofu la kununua. Tena muuguzi hupata mguu uliotulia, badala ya kupigana na mateke.

Safari hizi hurudiwa: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9. Mama aliyetoka wiki ya 6 akilia pamoja na mwanawe, akifokewa juu yake, ndiye huyo tunayemwita mzembe asipoonekana wiki ya 10. Kabla ya kumtuma mhudumu wa afya nyumbani kwake, ningependa kwanza tumwulize alishikwaje siku ile.