Seva ya akiba ya barua-pepe ikae mbali na biro



Kooperative nyingi za bonde la Ruzizi zinatumia Gmail ao Yahoo kwenye simu. Hizo zisisumbuke na haya, maana kampuni hizo zina seva nyingi zinazosaidiana. Mimi nasema na miungano yenye anwani yake na seva yake ndani ya biro kule Bukavu, ambamo barua za kooperative za Luvungi zinapitia. Mukikubali kulipia seva ya akiba, isiwekwe katika nyumba ileile, wala katika mji uleule.

Mutauliza: kwa nini michango ya wakulima wa mpunga iende kwa mashini? Angalieni njia ya Ngomo. Mvua ikiiharibu, lori la Bukavu halifiki kwetu, na mwenye mzigo anasubiri ao anageuza. Barua-pepe nayo ni hivyo. Umeme wa SNEL ukikatika na betri zikaisha, seva yetu inazimika. Seva ya mnunuzi inajaribu tena na tena, lakini mara nyingi haipiti siku 4 ao 5. Kisha inamrudishia barua yake. Yeye hajui habari za SNEL. Anafikiri kooperative imekufa, anaandikia wengine.

Siku 5 ni nyingi? Tukumbuke uchaguzi wa 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ilikatwa nchini, na haikurudi mpaka karibu 20 Januari 2019. Seva mbili za Bukavu zingenyamaza pamoja. Lakini seva ndogo ya kukodi, iliyo nje ya nchi, ingepokea barua zote. Na kwa kuwa ni yetu, tunaweza kuiamuru izitunze siku 30, halafu iipe seva kuu rezo ikirudi. Fundi anaandika tu namba mbili kwenye rekodi za MX za anwani yetu, tuseme 10 kwa seva kuu na 20 kwa ya akiba. Yenye namba ndogo inajaribiwa kwanza.

Kazi ngumu ni ulinzi, na hapo mafundi wengi wanalegea. Wanaotuma barua taka wanapenda kupita mlango wa nyuma. Seva ya akiba iwe na chujio lilelile la seva kuu, na orodha ya anwani zetu za kweli. Bila orodha, itapokea barua za watu wasiokuwako, kisha itawarudishia watu ambao majina yao yaliibwa tu. Mwishowe sisi ndio tutaonekana wasumbufu, na hata barua zetu wenyewe zitakataliwa. Kama hakuna mtu wa kuiangalia kila juma, afadhali tusiwe nayo.

Wala haisogezi tarehe. Tangazo la kununua mchele likifungwa tarehe 10, barua tukaisoma tarehe 20, soko limekwenda. Kwa hiyo wanunuzi wapewe pia namba ya simu ya sekretari.

Kwenye mkutano mkuu, kabla ya kulipa, mwambieni fundi azime seva kuu Jumamosi jioni, mtu atume barua kutoka Gmail, na seva iwashwe Jumatatu. Barua isipofika, musimlipe.