Maji ya tope Bihambwe: kidonge hakitoshi, tope lizuiwe kule juu

BIHAMBWE, Masisi – Wanaosema kwamba familia za wahami zinaugua kwa sababu wamama hawajui usafi, waje wabebe bidoni moja tu. Waipandishe kutoka kijitoni mvua ikishanyesha, waitue chini, waangalie ndani. Watakuta maji yenye rangi ya matofali. Kisha wajibu: hapo aliyekosa usafi ni nani?

Jibu ambalo familia hizo zinapewa kila mara ni lile lile: tieni dawa. Kidonge kimoja, ngojeni nusu saa, kunyweni. Dawa hiyo ni nzuri na imeokoa watu wengi. Lakini klorini inafanya kazi vizuri ndani ya maji yaliyo wazi, si ndani ya tope. Ikitiwa katika maji machafu inapigana kwanza na majani yaliyooza, na mavi ya ng'ombe, na uchafu mwingine wote, mpaka nguvu yake inaisha. Vijidudu vilivyojificha katika chembe za udongo vinabaki hai. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri maji yawe chini ya 5 kwa kipimo cha ukungu kiitwacho NTU kabla ya kutiwa klorini, na ikiwezekana chini ya 1. Maji ambayo ukitia mkono hauuoni tena, hayahitaji hata kupimwa.

Kivu Kaskazini haina haki ya kusahau jambo hili. Mwezi wa 7 mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Goma, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi mmoja, wengi wao kwa kolera na magonjwa mengine ya kuhara. Maji mabaya yanaua haraka kuliko risasi, na hayana kelele.

Sasa tope linatoka wapi? Sehemu inatoka kwa mvua na vilima vilivyonyolewa miti. Lakini sehemu nyingine ina wenyewe. Rubaya, jirani ya Bihambwe, koltani inaoshwa kwa maji. Madini ni mazito, yanabaki chini. Udongo ni mwepesi, unakwenda na mkondo. Kilicho kizito kinapimwa na kuuzwa. Kilicho chepesi kinateremka kwa wanaoishi chini.

Wengine watasema: mnataka kufunga machimbo, vijana wale nini? Hapana. Mchimbaji anayelala na mwiko wake shimoni naye anakunywa maji hayo hayo, na watoto wake vilevile. Hakuna anayeomba afukuzwe. Kinachoombwa ni mashimo ya kutulizia maji: maji ya kuoshea yaingie shimoni, udongo ukae chini, ndipo yatumike tena au yaachiliwe. Pia pasioshwe kitu karibu na chemchemi ya watu. Kazi hiyo inahitaji majembe na amri, na waliochimba milima nzima hawawezi kusema kwamba shimo moja limewashinda.

Na pesa zipo. Kifungu cha 48 cha Katiba kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Kanuni ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha wa madini irudi kwa mamlaka za chini za mahali madini yanapotoka. Vita vilikuja, wenye kutoza wakabadilika. M23 inashikilia Rubaya tangu mwisho wa mwezi wa 4 mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka huo kwamba ushuru wa koltani huko unaiingizia karibu dola 800,000 kila mwezi. Asilimia 1 tu ya hizo ni dola 8,000 kwa mwezi. Chemchemi ngapi zingejengewa? Iwe Kinshasa, iwe M23, anayekula faida ya mlima alipe na maji ambayo mlima umeyachafua.

Wakati wakubwa wanabishana, familia zisingoje. Maji ya tope yaachwe yatulie usiku kucha katika chombo kilichofunikwa. Asubuhi yamiminwe polepole kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, tope libaki chini. Hapo ndipo kidonge kitiwe, au maji yachemke mpaka yatokote kwa dakika 3, kwa sababu milimani maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Na yale yanayoonekana meupe yasiaminiwe kwa macho: chemchemi iliyo chini ya choo inaweza kung'aa huku imebeba kolera.

Lakini mama mwenye bidoni moja hawezi kusafisha kwa kitambaa mto ambao wengine wanauchafua kwa makoleo. Mashirika yanayogawa vidonge yaendelee, ila yaache kunyamaza kuhusu kule juu. Tope lizuiwe linapoanzia.