Kenya Mmeiachaje? Mzaha wa Kutulo Ambao Nairobi Haiupati

Ukishuka kwenye gari Kutulo ukitoka Nairobi, usishangae mzee akikupa mkono, akakutazama usoni bila kutabasamu, kisha akakuuliza: "Kenya mmeiachaje? Wazima huko?"

Najua vile wengi hufanya. Unacheka kidogo kwa aibu, halafu ukirudi mjini unaandika mtandaoni kwamba watu wa North Eastern hawajui hata wako nchi gani. Wanajua, msee. Kutulo iko Kaunti ya Mandera, upande unaopakana na Wajir, na huyo mzee ametoa kitambulisho chake cha Kenya mara nyingi kuliko wewe, kwa sababu huulizwa kwenye kila kizuizi. Alikuwa anakutania. Wewe tu ndiye hukuupata huo mzaha.

Mimi nimelelewa pande hizo na sasa naishi Eastleigh, kwa hivyo nasikia mizaha ya pande zote mbili kila siku. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipoisha, lakini kuna neno la darasa la fasihi halijanitoka: kinaya. Unasema hivi, unamaanisha vile. Kitu ambacho hatukuambiwa darasani ni kwamba kinaya hakifanyi kazi mpaka msemaji na msikilizaji wawe wanajua jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja.

Kwenye "Kenya mmeiachaje", jambo hilo ni hili. Mkoloni aliifunga Northern Frontier District. Kuingia na kutoka kulitaka kibali. Uhuru ulipokuja, vikaja pia vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki kwetu hadi 1991. Waraka Nambari 10 wa 1965 ukasema pesa za maendeleo ziende kwanza kwenye sehemu zenye mvua, udongo mzuri na barabara. Wewe fikiria mwenyewe Mandera ilibakiwa na nini. Mwaka wa 1989 serikali ikawapiga msasa Wakenya Wasomali na kuwapa kadi ya pekee ya kuonyesha kwamba kweli ni Wakenya. Ukaguzi wa ziada wa kupata kitambulisho uliendelea miaka na miaka. Ni Februari 2025 ndipo Rais Ruto, akiwa Wajir, alitangaza umefutwa.

Sasa lisome tena swali la mzee. Anakwambia: mlituweka nje, kwa hivyo nakusalimia kama mtu aliyetoka nchi nyingine. Ni lawama, lakini ameifunga ndani ya salamu ili wewe mgeni usione haya. Jibu lake ni rahisi, na ukilitoa utakaribishwa chai hapo hapo: "Kenya wazima, wanawasalimu. Wanasema lami iko njiani."

Usidhani ni sisi peke yetu. Waingereza na Wamarekani wana lugha moja lakini hapa hukosana. Chukua The Office. Kilianza BBC mwaka wa 2001, Ricky Gervais akiwa bosi anayejiona mcheshi huku wafanyakazi wake wakitamani ardhi iwameze. Hakuna kicheko cha kurekodiwa. Nyuso kavu, kimya kirefu, ukitaka kucheka ni juu yako. NBC ya Marekani ilipokichukua 2005, sehemu ya kwanza ilifuata maandishi ya Waingereza karibu neno kwa neno, na haikuwavutia wengi. Baadaye wakamlainisha bosi, Michael Scott wa Steve Carell, akawa mtu unayeweza kumpenda hata akikosea. Kipindi kikadumu misimu 9.

Kwa hii stori yetu, Kutulo ni Waingereza na Nairobi ni Wamarekani. Mzaha wa Nairobi hujitangaza: sauti inabadilika, lafudhi inaongezwa chumvi, mwisho unaambiwa "jokes tu, buda". Mzaha wa kwetu hautangazwi. Unaachiwa wewe uutafute.

Kuna pia mambo ya majina. Pale nyumbani kuna akina Mohamed na akina Abdi wengi sana, kwa hivyo kila mtu hupewa naanays, jina la utani. Mrefu ni Dheere, mfupi ni Gaab, anayetumia mkono wa kushoto ni Gurey, anayechechemea ni Langaare. Hata marais hawaponi. Siad Barre wa Somalia aliitwa Afweyne, mdomo mkubwa. Mohamed Abdullahi, aliyekuwa rais 2017 hadi 2022, anajulikana dunia nzima kama Farmaajo, yaani jibini. Mtu wa Nairobi akisikia mtu anaitwa "Kiguru" sokoni na anaitika kwa furaha, anadhani hatuna adabu. Nyinyi nanyi mnatuita "warya" sote, hadi wazee. Neno hilo ni la kumwita rika lako au kijana mdogo. Mzee ukimwita "warya", hapo ndipo adabu imekosekana.

Ndugu zetu Watanzania walilitatua hili kitambo. Wana utani wa makabila, na watani wana ruhusa ya kukejeliana hata msibani, mtani akafanya vituko mbele ya wafiwa na hakuna anayekunja uso. Hata Simba na Yanga wanaitana watani wa jadi. Lakini utani ule una masharti: unajulikana nani ni mtani wa nani, na leo ukinitania, kesho zamu ni yangu. Halafu shida ikija, mtani ndiye anayekuja kukusaidia. Sisi Kenya tulichukua kejeli, masharti tukayaacha.

Ndiyo maana lazima tuongee kuhusu ule mzaha wa bomu.

Unaujua. Msomali anapanda matatu na begi, kuna mtu anasema "leo tumekwisha". Nimekaa kwenye kiti hicho. Makanga aliuliza kwa sauti kama begi langu lina waya, abiria wakacheka, nami nikacheka ili yaishe. Kwenye kizuizi kilichofuata, karao aliingia akanishusha mimi peke yangu. Gari zima likanyamaza. Hakuna aliyemwambia kwamba ulikuwa mzaha.

Utaniambia Kenya tunachekana sisi sote. Kweli. Vioja Mahakamani imetuchekesha kwa lafudhi za kila kabila, na Mzee Ojwang' wa Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo na nchi nzima ikampenda. Nami sisemi Wasomali wasichekwe. Cheka sukari tunayotia kwenye chai. Cheka vile tunapiga kelele kwenye simu kana kwamba hatuamini mtandao. Hayo ni yetu, na tunayacheka wenyewe.

Lakini bomu si letu. Desemba 2015 magaidi walisimamisha basi karibu na Elwak, wakawaambia Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake wakawapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Filamu ya Watu Wote ilitokana na siku ile, na ikafika hadi uteuzi wa Oscar 2018. Ukisema "leo tumekwisha" mbele ya mtu wa Mandera, unamtania kwa kitu kinachomuua yeye pia. Hakuna kinaya hapo, kwa sababu karao, abiria na wewe mwenyewe mnaamini nusu ya mnachosema.

Na nisiwapendelee watu wangu. Kuna Wasomali wanaomwita Mkenya mwingine "nywele ngumu" au "adoon", ambayo ni mtumwa, kisha wakiulizwa wanasema "waan kaftamayaa", natania tu. Hapana. Yule unayemwita hivyo hana neno la kukurudishia lenye uzito huo, na mara nyingi hata haielewi lugha uliyomtukania. Mzaha anaoucheka mtu mmoja tu ni matusi, usemwe River Road au usemwe Kutulo.

Kwa hivyo kabla hujaachia mzaha wako, jiulize kama huyu mtu anaweza kukurudishia na nyote mkacheka. Kama ndiyo, endelea, hata uwe mkali namna gani. Kama lazima anyamaze, basi hukumtania.

Na nyinyi wachekeshaji mnaotuiga jukwaani kwa lafudhi moja kila wiki, njooni Kutulo mkae siku chache. Miraa na chai tutawanunulia. Kila mmoja atapewa naanays kabla chai yake haijapoa, na msitarajie litakuwa jina zuri.